Watoto, Magofu na Kishikwambi: Kusomesha Nje ya Darasa Lamu na Malindi

Mwalimu wa Mkomani (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum ndugu zangu wazazi na walimu wenzangu wa mwambao.

Asubuhi moja, jua likiwa bado halijawa kali, nilisimama katika uwanja wa Mkunguni na wanafunzi wangu wa gredi ya tano, mbele ya Ngome ya Lamu. Nilikuwa nikiwaeleza kwamba ujenzi wake ulianza yapata mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa katika Vita vya Shela, kwamba ulikamilika mwaka 1821, na kwamba ngome iliwekwa hapo ili kuulinda mji na kuiangalia bahari. Mtoto mmoja wa kike akageuza shingo, akatazama upande wa gati, akairudia ngome kwa macho, kisha akauliza: "Mwalimu, mbona bahari iko mbali?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini nililizuia. Niliwaambia wahesabu hatua kutoka mlango wa ngome mpaka gatini, kila mmoja kwa miguu yake. Hesabu zilitofautiana, kwa kuwa mwenye miguu mifupi alipata hatua nyingi kuliko mwenziwe mrefu, na mabishano yakazuka juu ya nani aliyekosea, hata ikabidi wapime urefu wa hatua ya kila mmoja kwa utepe na kuzidisha. Wakakaribia mita 70. Hapo ndipo nilipowaambia kwamba ngome ilipojengwa ilikuwa ufuoni, na kwamba ardhi hii tunayoikanyaga leo kati yake na maji ilipatikana baadaye, watu walipojaza na kujenga. Mwisho kabisa nikafungua kishikwambi, nikawaonyesha picha ya zamani ya ukingo wa mji, nikawaomba watafute mahali hasa aliposimama mpiga picha yule, nao wapige yao kutoka papo hapo.

Nawaomba muutazame mfuatano huo, kwa kuwa ndio hoja yangu yote. Swali lilitangulia, miguu ikafuata, mabishano yakafuata, na kifaa kikaja mwisho kikiwa na kazi maalumu ya kufanya. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba kishikwambi na simu vina nafasi kubwa katika kuwasomesha watoto wetu nje ya darasa, mradi tu visitangulie macho yao, na mradi mtoto avitumie kutengeneza kitu chake badala ya kutazama kilichotengenezwa na wengine.

Mwaka uliotangulia nilifanya kinyume. Niliwapeleka watoto Takwa, katika kisiwa cha Manda, na nilikuwa nimetayarisha filamu fupi nzuri yenye maelezo yote: msikiti mkubwa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, nyumba za mawe ambazo milango yake inaelekea kaskazini, kaburi la nguzo, na mji uliohamwa katika karne ya 17. Tulipofika jua lilikuwa limeshika, watoto wakakimbilia kivuli cha mbuyu, wakainamia vishikwambi, nao msikiti wenyewe ulikuwa nyuma ya migongo yao, hatua ishirini hivi. Tuliporudi shuleni niliuliza milango inaelekea wapi, wakanijibu kwa usahihi, kwa maana filamu ilikuwa imewaambia. Nikawaomba wanyooshe mkono kuonyesha kaskazini. Mikono ikaelekea kila upande. Siku hiyo sikulala vizuri, kwani nilikuwa nimetumia fedha za wazazi na mashua ya mtu kuwapeleka watoto mbali ili watazame kitu ambacho wangekitazama wakiwa wamekaa darasani.

Kwa wenzangu wa gredi za juu ya tatu, nadhani hatuhitaji kuomba ruhusa ya mtaala kwa jambo hili. Mtaala wa umilisi unautaja umilisi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na majengo ya kihistoria yamo katika somo la jamii. Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Hata hivyo watoto wengi wa mji huu hupita chini ya wikio kila siku wakienda chuoni kusoma Kurani na sokoni bila mtu yeyote kuwahi kuwaambia kwa nini nyumba mbili zilizokabiliana ziliunganishwa kwa chumba kilichopita juu ya njia.

Nitoe mfano mmoja ambao naupenda kuliko yote. Waingizeni watoto katika Nyumba ya Kiswahili ya makumbusho, au katika nyumba yoyote ya mawe ambayo mwenyewe ameridhia, na muwaulize kwa nini vyumba ni virefu na vyembamba. Wengi watasema watu wa zamani walipenda hivyo. Waambieni wapime upana wa msana wa tini, yaani chumba cha kwanza kutoka uani, halafu upana wa msana wa yuu ulio nyuma yake, halafu upana wa ndani, chumba kinachofuata. Watagundua kwamba vipimo vinafanana sana, na kwamba havizidi takriban mita 3. Hapo wainue macho darini. Mtoto mmoja atasema neno "boriti," na mara nyumba nzima itafunguka mbele yao: upana wa chumba ulipangwa na mkoko, kwa kuwa boriti ya mkoko iwezayo kubeba dari zito la mawe na chokaa haipatikani ndefu kupita hapo, na ndiyo sababu aliyetaka nafasi zaidi aliongeza chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza. Baada ya hapo wape simu wapige picha za dari, waandike kipimo juu ya kila picha, na wazipange ziwe ramani ya nyumba. Katika somo moja watakuwa wamegusa hesabu, sayansi ya miti, historia na lugha, na ramani itakuwa yao.

Katika nyumba hizohizo msikipite choo haraka. Ndani ya birika la zamani walifugwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika ilijengewa bakuli ya kaure kutoka China, ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Nimewaona watoto wakiinama juu ya bakuli hiyo kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kukaa mbele ya skrini yoyote niliyowapa.

Naomba wenye uzoefu waongeze, na wenye wasiwasi wauseme. Sitaki uzi huu uwe wa kupongezana.

Mzazi wa Langoni

Waleikum salaam Mwalimu, na Mungu akulipe kwa moyo wako. Mimi ni mama wa watoto watatu na nina wasiwasi, nao ni wa kweli. Nyumbani napigana kila jioni kumtoa mwanangu wa kati kwenye simu. Shule ikimwambia simu ni chombo cha kusomea, nami nitakuwa nimepokonywa neno langu la mwisho. Nikimwambia aiweke chini atanijibu kwamba Mwalimu amesema.

La pili linaniuma zaidi. Kuna mwaka kundi la wanafunzi lilikuja kwetu kumuuliza mama yangu habari za harusi za zamani. Mama alifurahi, akawaimbia nyimbo za vugo na nyimbo za ndani ambazo wanawake huimbiana wakiwa peke yao, na hakujua kwamba simu moja ilikuwa inanasa. Baada ya wiki mbili sauti na sura yake zilikuwa zikizunguka katika makundi ya WhatsApp mpaka Mombasa. Mama yangu hakuwahi kuwaimbia watu tena. Sitaji ni nani, yalishapita, lakini nauliza: katika huo ufundishaji wako, heshima ya nyumba za watu italindwa vipi?

Mwalimu wa Malindi

Salaam kwenu nyote. Dada yangu wa Langoni amegusa jambo zito na nitamwachia mwenye uzi alijibu, kwa sababu Lamu anaijua yeye. Mimi nitazungumzia magofu ya mji wa kale wa Gedi, ambako huwapeleka watoto kila muhula wa pili, kwa kuwa ni kama kilomita 16 tu kutoka Malindi, na ambako tangu mwaka 2024 nako kumeingia katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuna vitu viwili vya Gedi ambavyo havijawahi kuniangusha. Cha kwanza ni lile kaburi lenye tarehe. Limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, na kibao kinasema ni 1399. Siwaambii watoto hiyo 1399. Nawapeleka kwenye kaburi kwanza, nikiwa nimekifunika kibao kwa kanga kwa idhini ya walinzi, na nawapa kanuni ambayo wengine huijua kutoka chuoni: chukua mwaka wa Hijria, ugawe kwa 33, utakachopata ukitoe katika mwaka huo, kisha ujumlishe 622. Wanafanya hesabu chini ya miti, nyani na tumbili wakiwa juu yao. Wanapata 1400. Nafunua kibao, wanaona 1399, na hapo vita huanza. Wengine husema kibao kimekosea, wengine husema kanuni imekosea. Ndipo naruhusu simu ifunguliwe, mtoto mmoja kwa niaba ya watano atafute mwaka 802 ulianza lini. Unaanza mwezi wa Septemba mwaka 1399, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwaka huo iliangukia 1400, na wote wawili walikuwa na haki. Simu hutumika kwa dakika tatu tu, lakini dakika hizo huja wakati watoto wana kiu nazo.

Cha pili ni majina ya nyumba. Mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba Gedi kuanzia mwaka 1948, nyumba nyingi alizipa majina kutokana na vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Sarafu za China, Nyumba ya Sanduku la Pembe. Watoto huzunguka na kuziona zote, kisha nawapa kazi ya kwenda kufanya nyumbani, ambayo ni kuchagua kitu kimoja kwao ambacho kingedumu ardhini kwa miaka mia tano, kukipiga picha, na kuipa nyumba yao jina. Mwaka jana mtoto mmoja aliniletea picha ya chungu cha nyanya yake kilichopasuka, akaandika chini yake "Nyumba ya Chungu Kilichofungwa kwa Waya." Nilipomuuliza kwa nini hakuchagua televisheni alisema plastiki ya televisheni itabaki lakini haitamwambia mtu yeyote kwamba nyanya hakupenda kutupa vitu. Picha zote tumeziweka pamoja katika kishikwambi kimoja, zimekuwa kijiji, nao watoto hurudi kuzitazama wenyewe.

Niongeze kidogo kuhusu setilaiti, maana watoto wa Malindi wana haki ya kulijua hili. Mtoto akiuliza simu inajuaje mahali alipo, mwambieni ni kwa setilaiti, kisha mwelekezeni Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Kutoka jukwaa la kurushia roketi la San Marco lililo baharini huko, tarehe 12 Desemba 1970, kilirushwa chombo kilichoitwa Uhuru, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ni urithi wa pwani yetu kama nguzo ya Vasco da Gama ilivyo, na kwangu mimi una fahari zaidi.

Mwalimu wa Mkomani

Mwalimu mwenzangu, shukrani. Hiyo ya kukifunika kibao nitaichukua kama ilivyo.

Mama wa Langoni, nimesoma maneno yako mara tatu kabla ya kujibu, na nakupa pole kwa yaliyompata mama. Kuhusu neno lako la mwisho nyumbani, nakuahidi kwamba hatutumi kazi ya simu nyumbani, na kifaa ni kimoja kwa watoto watano, nacho ni cha shule. Hili la kifaa kimoja nililianza kwa sababu ya uhaba, na sasa nisingeliacha hata kama vingekuwa tele, kwa sababu watoto watano wenye kifaa kimoja hulazimika kuzungumza juu ya nini kipigwe picha na kwa nini, na watoto watano wenye vifaa vitano hunyamaza.

Kuhusu wazee, utaratibu wetu ni huu. Mtoto hubisha hodi na kueleza amekuja kwa jambo gani, wala hafiki na kifaa siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya kuamkia, kusikiliza na kurudi. Mzee akiridhia, siku ya pili tunanasa sauti peke yake, bila sura. Sauti haibebi uso wala chumba cha mtu, haili nafasi kubwa katika kifaa, na naona watoto husikiliza vizuri zaidi wasipokuwa na kitu cha kutazama. Rekodi ikiisha, mzee anasikilizishwa yote pale pale, na akisema sehemu fulani ifutwe inafutwa mbele yake. Kifaa kinakuwa kimezimwa intaneti tangu asubuhi. Wala si ihsani yetu tu: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kwa habari za mtoto, na mtu mzima naye ana haki ya kukataa habari zake zisitumiwe. Nyimbo za ndani, nakubaliana nawe, hazinaswi kabisa. Mtoto wa kike atakayeruhusiwa kuzisikia atazibeba kichwani, kama mama alivyozibeba.

Nirudi kwenye setilaiti kidogo, kwa kuwa kuna walimu walioniandikia kando kuniuliza juu ya mchezo wa kusaka hazina kwa GPS, mfumo wa setilaiti unaoiambia simu mahali ilipo. Mchezo huo ulianza katika jimbo la Oregon, Marekani, mwezi wa Mei mwaka 2000, siku moja tu baada ya serikali ya huko kuacha kuupotosha kwa makusudi usahihi wa GPS kwa watumiaji wa kawaida. Mtu huficha kisanduku, hutangaza mahali kilipo kwa namba za ramani, na wengine hukitafuta. Kwenye uwanda na misitu ni mchezo mzuri. Mkomani, mtaani kwetu, niliujaribu, nao haukufaa. Njia zetu ni finyu na kuta ni ndefu pande zote mbili, hivyo mawimbi kutoka kwa setilaiti hayafiki simuni moja kwa moja, bali hugonga ukuta na kurudi, nayo simu hudhani imo katika nyumba ya jirani. Watoto walikuwa wakielekezwa kugonga milango ya watu. Tena, kuficha visanduku katika zidaka, vile vishubaka vya ukutani, na nyufa za kuta za chokaa ni kuziharibu, na hilo siwezi kulikubali hata kama watoto watafurahi.

Badala yake tunatumia picha kipande. Napiga picha ya sehemu ndogo sana ya mlango wa nakshi, ya pembe ya daka, yaani baraza ya mlangoni, au ya jiwe la matumbawe ukutani lenye alama zile za nyota, kisha naikata ibaki kipande kisichoonyesha chochote kingine. Watoto hupewa vipande sita na Usita wa Mui, njia kuu ya mji, wote kutoka kaskazini hadi kusini. Ili kukipata kipande ni lazima utazame kila mlango kama unayetafuta sindano. Juzi kundi moja lilikaa mbele ya ukuta mmoja muda mrefu, nikadhani wamechoka. Nilipowakaribia niliwakuta wamebandika vidole kwenye jiwe, wanahesabu nyota, na mmoja anawaambia wenziwe kwamba kila nyota ilikuwa nyumba ya mdudu wa baharini. Nilikuwa sijawafundisha bado. Alisikia kwa baba yake, ambaye ni mvuvi.

Mwongoza wageni wa Lamu

Mwalimu, nakubaliana nawe juu ya zidaka. Naomba tu mlisisitize jambo la vigae. Takwa, Shanga na Gedi, mtoto akiinama tu ataona kipande cha chungu au cha kaure, na mkono wake utakwenda mfukoni kabla akili haijafika. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi hairuhusu, lakini kwa mtoto sheria haitoshi. Mimi huwaambia kwamba kigae kilicho ardhini kina maneno mawili, lile la kilivyo na lile la mahali kilipo, na ukikiokota umelifuta la pili. Kule Shanga misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine ilifuatwa na mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake kuanzia mwaka 1980 mpaka wakafika karne ya 8, na waliweza kwa sababu kila kitu kilikuwa katika tabaka lake. Hapa ndipo naona simu inasaidia kweli. Mpe mtoto rula, aiweke kando ya kigae, apige picha kutoka juu, aandike alikikuta wapi, kisha akiache. Anaondoka na kigae chake bila kukigusa.

Nahodha wa Shela

Waleikum salaam. Mimi si mtu wa kuandika sana, lakini mjukuu wangu amenisomea yote na nimemwomba aniandikie. Mwalimu, ile safari yako ya Takwa naikumbuka, maana mashua yangu ilikuwa nyuma yenu. Mlikwenda siku ya bamvua, ya maji makubwa. Mliingia katika mkono wa bahari saa mbili na nusu, maji yakiwa tayari yanatoka, na saa nne mashua yenu ilikuwa imelala matopeni. Watoto walikaa kivulini kwa sababu hamkuwa na pa kwenda mpaka maji yalipowarudia baada ya adhuhuri. Usiilaumu filamu peke yake.

Sisi twaijua hesabu hii bila kitabu. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yetu hujaa kiasi cha saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa saa nne. Kila siku ikipita, maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Kwa hiyo anayetaka kuingia Takwa asubuhi na watoto, na kutoka kabla jua halijawaumiza, asiende na mwezi mpevu, aende siku ya tano au ya sita baada yake. Kwa mwezi wa Kiislamu ni tarehe tano hivi, au tarehe ishirini. Maji hujaa karibu saa tatu. Unaingia saa mbili maji yakikusukuma, na saa tano kasoro unatoka nayo. Siku hizo maji si makubwa, kwa hiyo msije na mashua nzito.

Na mkifika msiwaache watoto waingie msikitini na viatu. Sisi watu wa Shela wazee wetu walitusimulia kwamba watu wa Takwa ndio waliovuka wakaja kwetu, na mpaka leo twaenda kule kuzuru na kuomba dua. Mwaliita gofu, lakini kwetu sisi ni msikiti.

Mwalimu wa Mkomani

Shikamoo mzee wangu, na naomba radhi. Ni kweli nilichagua siku kwa kuitazama kalenda ya shule, sikuutazama mwezi. Na hilo neno "gofu" nitalisahihisha darasani kesho.

Maelezo yako yamenipa somo ambalo sikuwa nalo. Kabla ya safari ijayo nitawapa watoto tarehe ya mwezi peke yake, wahesabu wenyewe maji yatajaa saa ngapi Takwa, waandike jibu karatasini na kuweka jina. Halafu tutafungua jedwali la maji katika kishikwambi tulilinganishe na hesabu zao. Kisha nakuomba, kama una nafasi, uwepo mashuani utueleze kwa nini zimetofautiana, kwa kuwa najua zitatofautiana.

Mzazi wa Langoni

Mwalimu, nimeridhika na utaratibu wa sauti, na mwanangu wa kati atakwenda. Nina ombi moja. Mama yangu alizaliwa Shela na alipelekwa Takwa na nyanya yake alipokuwa mdogo. Nimemsomea uzi huu. Amesema hataki kunaswa, lakini kama mashua ina nafasi atakwenda, akae pale msikitini, na watoto wamuulize watakalo.

Nahodha wa Shela

Nafasi ipo. Tarehe ishirini, tuwe gatini saa moja na robo. Mama nitampitia mwenyewe kwa mashua ndogo, asitembee.